Mstari wa Dereva

Mimi ni wakala wa bima, na najua watu wanavyoniona. Nikiingia mahali na mkoba wangu, ghafla kila mtu ana simu ya kupokea. Lakini wateja wangu wenyewe, walionizoea, huniita Bibi Punguza, kwa sababu mimi si wa kuuza na kupotea. Wiki mbili kabla bima haijaisha namfuata mteja nyumbani, tunakaa, namsomea mkataba wake mstari kwa mstari na kumuuliza: hiki bado unacho? Hiki bado unakifanya? Mtu amestaafu miaka mitatu, bado analipia safari za kazini. Mwingine redio yake iliibwa zamani, na kila mwaka anaikatia bima kwa moyo mmoja. Nafuta hiki, nafuta kile, na mwisho mtu anabaki na hela ya kununua tairi mbili. Kampuni hainipendi kihivyo. Wateja wananipenda, nami hilo linanitosha.

Ubishi huo wa kuhoji kila kitu niliupata kwa Mwalimu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, mimi na nusu ya watu ninaokutana nao barabarani hapa mjini. Alikuwa na gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wake, na kwa miaka thelathini na moja alikaa kiti cha abiria mguu ukiwa tayari. Wanafunzi walimwita Mama Breki. Wanaume waliokuja wakijifanya wanajua kila kitu aliwaacha wajishaue mpaka kona ya kwanza, halafu akakanyaga breki, gari likasimama, naye akasema kwa sauti ya chini, "Haya, tuanze sasa." Mimi nilikuwa na tabia ya kumtazama usoni kila nikibadili gia, nione kama amekasirika. "Usiniangalie mimi," alikuwa akisema. "Mimi si barabara."

Mume wake ni fundi saa, na sisi sote tunamwita Fundi tu. Meza yake ya kazi iko sebuleni, dirishani, maana hela ya kukodi kibanda haikuwahi kupatikana. Fundi hajui kuendesha. Mwalimu alijaribu kumfundisha mara mbili. Mara ya pili walipofika kwenye mzunguko wa magari, Fundi alisimamisha gari katikati, akafungua mlango, akarudi nyumbani kwa miguu. Mlango aliuacha wazi. Mwalimu alikihadithia kisa hicho kwenye kila harusi ya ukoo, na Fundi alicheka kuliko wote.

Walikuwa wamegawana kazi, na mgawo wao niliufahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Mambo ya kuangalia yalikuwa ya mke. Mambo ya kusikiliza yalikuwa ya mume. Mwalimu, mtu asiyetishwa na lori, akiingia kwa daktari au mbele ya meneja wa benki alikuwa haambiliki, kwa maana kwamba hakusikia neno. Hofu ilimziba masikio. Binti yao wa pekee alipofanyiwa upasuaji akiwa mdogo, daktari aliwaeleza robo saa nzima, na walipotoka Mwalimu hakuweza kurudia hata sentensi moja. Tangu siku hiyo walikubaliana: Fundi asikilize, wakitoka nje amwambie. Kila walipotoka mlangoni kwa mkubwa yeyote, Mwalimu aliuliza, "Amesemaje?" Na Fundi akamwambia.

Miaka miwili na nusu iliyopita Mwalimu alianza kugonga vitu vya upande wa kushoto. Kwanza nguzo ya geti. Halafu pipa la taka la jirani. Halafu siku moja, akiwa na mwanafunzi, hakumwona mtu wa baiskeli mpaka mwanafunzi mwenyewe alipofunga breki. Mwanafunzi alicheka. Mwalimu alirudisha gari nyumbani, akamwambia Fundi, "Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho." Niliyasikia hayo kwa simu, nikaambiwa anatibiwa, nikasema Mungu atasaidia. Mwaka huohuo kampuni ikanihamishia tawi la mbali. Bima ya Mwalimu ikawa inahuishwa kwa simu. Nilimpigia Fundi mara ya kwanza, nikampigia mara ya pili mwaka uliofuata, na mara zote alisema, "Kila kitu kama zamani, mwanangu." Nami, Bibi Punguza mzima, nikaandika kama zamani.

Mwaka huu nilirudishwa tawi letu. Wiki ya kwanza tu Fundi akaja ofisini. Alikuwa amekonda, shati limempwaya, na mkataba ameubeba kwenye bahasha aliyoikunja mara nne. Alisubiri mpaka mwenzangu wa meza ya pili akatoka kwenda kunywa chai.

"Mwanangu, hii bima imetushinda," alisema. "Saa haziletwi tena. Watu wanaangalia saa kwenye simu. Nimeuza vifaa vyangu vingine. Nipunguzie."

Nilifungua mkataba na roho ikaniuma. Bima kubwa, ya kila kitu. Gari la biashara ya kufundishia. Nyongeza ya wanafunzi wanaoendesha. Nyongeza ya kioo. Na gari lenyewe, nilipomuuliza, halijatoka uani miaka miwili na nusu, limefunikwa turubai na tairi zimelala. Nilikasirika, na hasira yangu haina adabu ya kutazama umri.

"Mzee, mlikuwa mnalipia nini? Gari lililolala linahitaji bima ya moto na wizi, basi. Mtalipa chini ya robo ya hii."

"Sawa, iwe hivyo. Ila mstari wa dereva usiuguse."

"Mstari wa dereva ndio wenye hela yote. Gari la moto na wizi halina dereva. Mkataba unaandika hakuna dereva, gari halitatembezwa."

Fundi aliikunjua bahasha yake, akaikunja tena. Halafu akaniambia, na aliniambia akiitazama meza yangu, hakunitazama mimi. Siku ile ya kwanza daktari alisema kwamba presha ya ndani ya macho imeua mishipa yake, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua, dawa ya matone itakichelewesha tu. Mwalimu alikuwa amekaa palepale kwenye kiti na hakusikia neno. Walipofika kwenye korido akauliza, "Amesemaje?" Fundi akajibu, "Amesema uyapumzishe macho. Matone na mapumziko. Yatarudi."

"Ukamdanganya miaka miwili na nusu?"

"Nilimdanganya siku moja," alisema Fundi. "Nilisema akitulia kesho nitamwambia. Kesho yake akaamka ana furaha. Nikasema basi, kesho."

Nilitaka kumgombeza zaidi, lakini alianza kulia, na mimi wazee wakilia nakosa pa kuweka mikono. Akaniomba kitu kimoja. Kampuni yetu ina utaratibu: mwenye gari asiyeona, au asiyejua kusoma, husomewa karatasi yote kabla ya kutia saini. Fundi aliomba nisome yote ila mstari ule mmoja. Asaini, hela ipungue, na habari ya macho atamwambia mwenyewe, taratibu, akipata siku nzuri. Nilikubali. Hapo ndipo nilipokosea, na sitafuti wa kumsingizia. Nilijiambia mstari mmoja si kitu, kwamba nawasaidia watu wangu. Kupunguza nilikuwa nimekuzoea kiasi kwamba sikuona ubaya wa kupunguza hata ukweli.

Nilikwenda siku iliyofuata, saa nne na nusu asubuhi. Nje jua lilikuwa kali, lakini sebule yao ilikuwa imefungwa mapazia mazito, na ilibidi nisimame kwanza mlangoni nizoee. Hata meza ya Fundi ilikuwa imesogezwa kona nyingine, chini ya taa ndogo aliyoizungushia karatasi ili mwanga usitoke. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amenyooka vilevile, na amefunga kitambaa cheupe machoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe bado unakanyaga klachi muda wote?"

"Niliacha zamani."

"Muongo. Nilisikia ulivyoegesha hapo nje."

Nilicheka, nikakaa, nikamuuliza kitambaa ni cha nini. Nilidhani labda ni dawa mpya.

"Nayatunza," alisema, kama mtu anayejivunia jambo. "Daktari alisema yapumzishwe, na mimi ukiniambia pumzisha, napumzisha kweli. Nafungua asubuhi na jioni Fundi akinitia matone, humuhumu ndani, na pazia limefungwa. Basi. Sijaangalia televisheni, sijaangalia picha. Binti yangu alimleta mjukuu mwaka juzi, nikamshika uso kwa mikono, nikawaambia nitamwona nikipona, sitaki kuyachosha. Wakinirudishia barabara nataka niwe nayo yote."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa akiangalia sakafu. Kumbe hili hakuniambia. Sijui kama aliona aibu, au kama alikuwa amelizoea hata halioni tena. Nilipaswa kufunga mkoba wangu dakika ileile na kuwaachia wao wawili chumba. Badala yake nilitoa karatasi.

Nikaanza kusoma. Kila mstari nauliza, anajibu, kama tulivyozoea.

"Redio?"

"Iliibwa na mwanafunzi wangu mwenyewe. Lakini alifaulu mtihani, siwezi kusema alipoteza muda."

"Kibao cha juu ya paa?"

"Kipo, kimepasuka. Kifute."

"Kioo cha mbele, nyongeza?"

"Gari limefunikwa, nani atalirushia jiwe? Futa."

Fundi alicheka pale kwenye redio, kicheko kidogo, na kwa muda niliamini mambo yatapita. Nilisoma moto. Nilisoma wizi. Nilisoma mahali gari linapolazwa. Nikaruka mstari wa dereva kwa wepisi wa mtu aliyefanya mazoezi, maana njiani nilikuwa nimefanya mazoezi kweli, nikaenda moja kwa moja kwenye ada ya mwaka. Nikamtajia.

Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kalamu. Akaurudisha kwenye paja.

"Hiyo ni bima ya gari gani?"

"Gari lako, Mwalimu."

"Gari langu ni la kufundishia. Ninalikatia bima tangu wewe unavaa sare ya shule. Ukitoa redio, ukitoa kibao na kioo, inashuka kidogo. Haishuki hapo. Umetoa nini?"

"Kuna punguzo," nilisema. "La kutodai fidia muda mrefu."

"Hilo ninalo lote, na halijawahi kuongezeka kwa miaka kumi na tano. Usinifanye mtoto." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ileile ya baada ya breki. "Nisomee mstari wa dereva."

Nilimtazama Fundi tena. Alitikisa kichwa, akiniomba. Lakini kuna watu huwezi kuwadanganya mara mbili kwa siku moja, na mimi huyu mtu alinifundisha kushika usukani. Nikasoma.

"Dereva, hakuna. Gari halitatembezwa."

Mwalimu alikinyoosha kitambaa chake kwa vidole viwili.

"Nani kasema hakuna?"

Lilikuwa swali lisilo langu.

"Daktari," alisema Fundi kutoka kona yake.

"Lini?"

"Siku ile."

"Ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atalia. Alichofanya ni kugeuza kichwa kuelekea ilikotoka sauti ya mumewe, kitambaa kikiwa bado machoni, akasema, "Basi niambie sasa. Wewe ndiye uliyesikiliza. Alisemaje? Maneno yake, si yako."

Na Fundi akamwambia. Alikuwa ameyahifadhi yote, neno kwa neno, kama mtu aliyeyarudia kila siku kimoyomoyo, na bila shaka aliyarudia. Mishipa imekufa. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kitapungua, pengine miaka miwili, pengine mitatu. Kisha akaishia hapo, na mimi na Mwalimu sote tulijua kuna kingine.

"Malizia."

"Alisema..." Fundi alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Alisema kama kuna watu unaotaka kuwaona, usiahirishe."

Hayo hakuniambia ofisini. Niliyasikia hapo kwa mara ya kwanza, nikajikuta nimeikunja ile karatasi yangu bila kujijua.

"Siku ile nilikuwa naona," alisema Mwalimu. Alisema polepole, akihesabu kitu. "Tulipotoka niliona korido yote. Niliona umevaa shati la mistari, kifungo cha juu kimetoka, nikasema nikifika nyumbani nitakishona. Niliona."

"Uliona."

"Na mtoto alipoletwa? Mwaka juzi. Ningemwona?"

"Daktari alisema bado ungeona. Si yote. Uso ungeuona."

"Nikamshika kwa mikono," alisema Mwalimu. "Mama yake ananiambia, mwangalie mama, mwangalie kidogo tu, anacheka. Nikakataa. Nikamwambia nayatunza."

Fundi aliinuka, akajigonga kwenye meza, skrubu zake ndogo zikamwagika sakafuni. Akapiga magoti mbele ya kiti. Alisema mambo mengi yaliyovurugana, kwamba aliogopa, kwamba bila barabara hakujua mke wake angeishi vipi, kwamba alitaka awe na kitu cha kungojea. Hata ile bima, alisema, kila mwaka alipoilipa alijiona kama anamlipia tumaini, na aliuza vifaa vyake bila kinyongo.

"Ningengojea huku nakuangalia," alisema Mwalimu.

Hakumsukuma mumewe wala hakumshika. Mimi nilikuwa nalia, na nililia kwa hasira: namkasirikia Fundi, na najikasirikia mimi niliyehuisha bima ile mara mbili kwa simu wakati kazi yangu yote ni kwenda, kukaa na kuuliza. Ningekuja mwaka wa kwanza, ningeliona turubai na ningeuliza. Mwaka ule alikuwa bado anaona.

"Lete kalamu," aliniambia.

"Mwalimu, si lazima leo."

"Hela inapungua au haipungui?"

"Inapungua."

"Basi lete. Nimeshapoteza vya kutosha."

Nilimshika kidole, nikakiweka mwanzo wa mstari. Alitia saini iliyonyooka, ileile aliyotia kwenye kadi za maelfu ya wanafunzi, pamoja na yangu. Kisha akanirudishia kalamu, akapeleka mikono nyuma ya kichwa na kufungua fundo. Alichukua muda, maana lilikuwa limekazwa vizuri. Kitambaa kilipotoka, ngozi ya kuzunguka macho ilikuwa imepauka, na macho yenyewe yalikuwa mazuri, hayana doa. Hungejua.

"Fungua mapazia," alisema. "Yote."

Nilikwenda dirishani. Pete za pazia zilikuwa zimeshika kutu na ilibidi nivute kwa nguvu. Jua la saa tano liliingia lote, likajaza meza, kiti, skrubu zilizotapakaa chini, na vumbi nililoliamsha mimi. Ilibidi nikunje uso.

"Fundi, simama pale dirishani nikuone."

Fundi aliinuka kwa shida, akaenda, akasimama mahali ilipokuwa meza yake zamani. Alijipangusa machozi. Alichomeka shati na kufunga kifungo cha shingoni, akanyooka kama mtu anayepigwa picha. Mwalimu alisogea mpaka ukingo wa kiti. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akakiinamisha, akitafuta ile pembe ambayo bado ingempa kitu. Alitafuta muda mrefu.

"Sogea kwenye mwanga," alisema.

Fundi hakuwa na pa kusogea. Jua lote lilikuwa usoni mwake.